Dunia za Mezani na Kalenda Zake



Mandhari na msuko ni maneno ambayo kila aliyepita kidato cha nne ameyatolea jasho kwenye mtihani wa fasihi. Jioni hii nataka tuyatazame mahali ambapo mitihani yetu haijafika: kwenye meza waliyoizunguka watu watano au sita, wenye dadu, penseli na karatasi, wakitunga hadithi moja kwa pamoja. Hadithi hiyo inaweza kuendelea miaka kumi, ishirini, hata arobaini.

Kwa asiyeufahamu mchezo wenyewe, uko hivi. Mmoja ni msimamizi. Yeye ndiye anayeijua dunia ya hadithi: milima yake, wafalme wake, nani anamdai nani. Kila mmoja wa waliobaki anamshika mhusika wake, tuseme mwanamke mwizi au mzee mwenye sihiri, na ndiye anayeamua mhusika huyo anasema nini na anatenda nini. Msimamizi anaeleza kwamba mlango wa mnara uko wazi na ndani kunanuka moshi. Wachezaji wanajibu. Jambo likiwa la shaka, kama kuruka ukuta au kumdanganya mlinzi, dadu inaamua. Kikao kikiisha, kila kitu kinabaki palepale hadi wiki ijayo. Mfululizo huo wa vikao, wenye wahusika walewale na dunia ileile, ndio unaoitwa kampeni.

Sisi tuliosimuliwa habari za Fumo Liyongo tunajua atakufaje kabla msimulizi hajafungua kinywa. Sindano ya shaba, kitovu, mkono wa mwanawe wa kumzaa. Raha yetu iko katika kulingoja jambo tunalolijua. Mezani hakuna anayejua mwisho, hata msimamizi. Tukigeukia mandhari, Shaaban Robert alituwekea Kusadikika, nchi inayoelea hewani, ili Karama apate mahali pa kushtakiwa na kujitetea. Kesi ikiisha, kazi ya nchi ile imekwisha. Dunia ya kampeni haina ruhusa ya kumalizika namna hiyo. Lazima ibaki na mashamba yake, madeni yake na visasi vyake baada ya kila kisa, kwa sababu Ijumaa ijayo watu watarudi.

Ndiyo maana nasema kwamba tukizilinganisha kampeni kubwa kwa majoka yao na ramani zao tutapotea njia, maana majoka yanafanana kila mahali. Tuulize swali jingine: katika dunia hii, ni nani mwenye mamlaka ya kuisogeza kalenda? Ni mchezaji, msimamizi, mchapishaji, au hakuna? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua hadithi gani zitawezekana humo.

Mwanzo wa yote ni Minnesota, Marekani, mwaka 1971. Dave Arneson na wenzake walikuwa wakicheza vita vya kuigiza kwa sanamu ndogo za askari. Arneson akawawekea kitu kipya: mji mdogo uitwao Blackmoor, wenye ngome, na chini ya ngome hiyo mapango yaliyojaa hazina na viumbe wabaya. Kila mtu akapewa mhusika mmoja badala ya jeshi zima. Mapango yale yakawanogea mno. Walishuka tena na tena kutafuta dhahabu, wakasahau kwamba juu yao kulikuwa na mji wa kulindwa na kwamba adui alikuwa akikusanya nguvu. Arneson hakuwasubiri. Adui alikuja, ngome ikatekwa, na mashujaa wakafukuzwa hadi nchi ya ukiwa iitwayo Loch Gloomen, wakaanza upya huko.

Nakipenda sana kisa hiki, kwa sababu hapo ndipo sanaa hii ilipojitenga na vitabu. Katika riwaya adui humngoja shujaa amalize mazoezi, amalize mapenzi, ndipo ashambulie. Blackmoor ilikuwa dunia ya kwanza ya aina hii ambapo uzembe wa wachezaji uliandika historia, na historia hiyo haikufutwa.

Mwishoni mwa 1972 Arneson alikwenda Lake Geneva, mji mdogo wa Wisconsin, akamchezesha Gary Gygax katika Blackmoor. Gygax alivutwa papo hapo. Akachora mapango yake mwenyewe chini ya ngome aliyoiita Greyhawk, na wa kwanza kuyajaribu walikuwa wanawe, Ernie na Elise. Januari 1974 Gygax na Arneson wakatoa Dungeons & Dragons, nakala 1,000 tu kwa chapa ya kwanza.

Greyhawk ilikua kutoka chini kwenda juu. Kwanza kulikuwa na mapango, kisha mji juu yake kwa sababu wachezaji walitaka mahali pa kuuza walichokiokota, kisha nchi jirani kwa sababu walitaka kusafiri. Ilipochapwa mwaka 1980 ilikuwa kijitabu cha kurasa 32 na ramani kubwa nzuri ajabu, imegawanywa kwa vyumba vya pembe sita. Katika kurasa hizo chache kila nchi ilipewa mistari michache: mtawala wake, idadi ya watu wake, mazao yake, anayegombana naye. Basi. Yaliyobaki aliachiwa msimamizi wa kila meza.

Humo ndani kulikuwa na mambo ambayo mtu asiyeijua meza ya Gygax angedhani yametungwa kwa utulivu na mwandishi mmoja. Chukua Iuz, mwovu mkuu wa kaskazini. Alikuwa amefungwa chini ya ngome pamoja na wengine wa jinsi yake. Mchezaji mmoja, Rob Kuntz, akiwa na mhusika wake Robilar, ndiye aliyewafungulia.  Uamuzi wa kijana mmoja, kwenye meza moja ya Wisconsin, ukaingia katika kitabu kama historia ya dunia nzima. Na mwaka 1991 kampuni iliyouchapa mchezo ilipotoa kisa cha vita kuu vya Greyhawk, chanzo cha vita hivyo kilikuwa Iuz huyohuyo. Maelfu ya watu wasiomjua Robilar waliona miji yao ya karatasi ikiungua kwa kosa lake.

Lakini kufikia 1991 Gygax mwenyewe hakuwapo. Alinyang'anywa kampuni yake, TSR, mwaka 1985, na dunia yake ikabaki kule kama mali ya kampuni. Alichobaki nacho kilikuwa haki ya kuendelea na riwaya za mhusika wake Gord, na katika ile ya mwisho, ya mwaka 1988, akaiangamiza dunia yote. Muumba aliua alichokiumba, na mwenye hatimiliki akaendelea kukichapa kana kwamba hakuna lililotokea. Sijui fasihi nyingine yenye ugomvi wa namna hii juu ya mandhari. Msuko wa Gord unasema dunia imekufa. Rafu za duka zilisema iko hai na ina kitabu kipya mwezi ujao.

TSR ilikuwa imekwisha kuhamishia moyo wake kwingine. Mkanada Ed Greenwood alikuwa ameanza kutunga hadithi za dunia yake tangu utotoni, miaka ya 1960, kabla mchezo huu haujazaliwa. Baadaye akaitumia kuchezea na rafiki zake, na kuanzia 1979 makala zake zikatoka katika gazeti la Dragon. Mwaka 1987 ikachapwa kwa jina la Forgotten Realms. Hii ndiyo dunia iliyojaa kuliko zote: kila kijiji kina baa, kila baa ina mwenyewe, na mwenyewe ana siri. Ni kazi ya mtu anayependa watu wa kawaida, na ukisoma maelezo ya Greenwood kuhusu mji wa Waterdeep unaona jicho la mtembezi wa mitaani anayejua nani anauza samaki wapi.

Ila kalenda ya dunia hii ilitekwa na ofisi. Mwaka 1989 kampuni ilipotoa toleo la pili la kanuni za mchezo, kazi ya muuaji wa kukodiwa iliondolewa kitabuni. Wachezaji waliokuwa na wahusika wa kazi hiyo wafanyeje? Kampuni ikatunga tukio: miungu wakafukuzwa mbinguni, wakatembea duniani kama binadamu, na katika vurugu hizo wauaji wote wa dunia wakafa siku moja, roho zao zikanyonywa kuongeza nguvu za mungu mmoja. Mwaka 2008 kanuni zikabadilika tena, sihiri ikitumika kwa namna mpya. Safari hii mungu wa kike wa sihiri akauawa, moto wa buluu ukaikumba dunia, na kalenda ikarushwa mbele karibu miaka mia moja. Wahusika wa watu, wake zao, watoto wao na maduka yao wakawa makaburi. Toleo la tano lilipofika mwaka 2014, mengi yakarudishwa kama yalivyokuwa.

Nasema bila kusita kwamba hilo lilikuwa kosa la kisanaa. Janga katika hadithi linahitaji sababu iliyomo ndani ya hadithi. Mtu akiona wauaji wote wamekufa kwa sababu ukurasa fulani umefutwa katika kitabu cha kanuni, anajua mkono ulioua ulikuwa wapi, na hawezi kuomboleza. Greenwood aliipa dunia yake wakazi, na ofisi ikawafanyia wakazi hao kama mpangaji anayehamishwa kila kodi inapopanda.

Kampuni iliyoinunua TSR, Wizards of the Coast, ilijifunza kitu, walau mara moja. Mwaka 2002 ilitangaza shindano la kubuni dunia mpya, na maandiko zaidi ya 11,000 yakaletwa. Aliyeshinda ni Keith Baker, na dunia yake, Eberron, ikatoka mwaka 2004. Humo vita vya karibu miaka mia moja vimekwisha juzijuzi. Vimekwisha kwa sababu ya woga: siku moja ya mwaka 994 kwa kalenda ya huko, nchi nzima ya Cyre iliangamia, ikabaki ukungu wa kijivu mpakani, na hakuna aliyejua kwa nini. Miaka miwili baadaye mataifa yaliyobaki yakatia saini mkataba. Mchezo unaanza mwaka 998.

Na kila kitabu cha mchezo wa Eberron kilichotoka tangu hapo kinaanza mwaka huohuo 998. Kalenda imegandishwa kwa makusudi. Baker na wachapishaji wake waliamua pia kwamba sababu ya maangamizi ya Cyre haitatajwa kamwe rasmi. Kila msimamizi anajitungia jibu lake. Kwa mtazamo wa haraka hii inaonekana kama uvivu, lakini tazama inavyofanya kazi mezani. Mkimbizi wa Cyre, askari aliyetengenezwa kwa mbao na chuma ambaye mkataba umempa uhuru lakini si kazi, jasusi wa taifa lililoshindwa: wote wanasimama juu ya swali ambalo hata aliyeandika kitabu hajalijibu. Mchezaji hawezi kusema amesoma jibu dukani. Mwaka 999 ni mali ya meza yenu, na hakuna ofisi itakayokuja kuufuta.

Dragonlance nitaipita haraka. Ilitolewa kuanzia 1984 na Tracy Hickman na Margaret Weis, visa vya mchezo pamoja na riwaya. Riwaya zake zilipendwa na mamilioni, na zilistahili. Mezani ilikuwa na tatizo moja kubwa: mhusika akifa, lakini anahitajika katika kisa kinachofuata, msimamizi alishauriwa kufanya kifo chake kisionekane vizuri ili aweze kurudi. Meza ikisomewa hadithi ambayo tayari imeandikwa, wachezaji wamekuwa wasikilizaji wenye dadu mkononi. Mimi nitaisoma, sitaicheza.

Tékumel haiwezi kupitwa haraka, na si rahisi kuizungumzia. M.A.R. Barker, profesa wa Chuo Kikuu cha Minnesota na bingwa wa lugha za Bara Hindi, alichapa mchezo wake mwaka 1975. Dunia yake haifanani na Ulaya ya kale hata kidogo. Inakumbusha zaidi Bara Hindi, Misri na Meksiko ya kabla ya Wahispania. Chuma ni adimu, na silaha hutengenezwa kwa ngozi ngumu ya mnyama wa huko. Usiku hauna nyota, kwa sababu sayari yote ilitupwa nje ya ulimwengu tuujuao. Barker aliunda lugha kamili yenye sarufi na hati yake. Na aliona mapema ugumu wa dunia iliyojaa namna hiyo: mchezaji mgeni atajuaje adabu za watu hawa? Suluhisho lake lilikuwa la kifasihi. Wahusika wapya huanza kama washenzi walioshuka kwenye jahazi bandarini Jakalla, wamefungiwa mtaa wa wageni, hawajui nani ainamiwe na nani asitazamwe usoni. Ujinga wa mchezaji ukawa ujinga wa mhusika. Hakuna mwanzo wa kampeni uliofikiriwa vizuri kuliko huo.

Mwaka 2022 wakfu unaotunza kazi zake ulithibitisha hadharani kwamba Barker ndiye aliyeandika, kwa jina la uongo, riwaya ya mwaka 1991 inayoutukuza Unazi. Jambo hilo lazima lisemwe kila Tékumel inapotajwa. Mtu aliyeweza kuziwazia tamaduni za mbali kwa heshima kiasi kile aliweza pia kuandika kitabu kile, na wachezaji waliokaa mezani kwake kwa miongo mingi walilazimika kuyapokea yote mawili. Mimi siifundishi Tékumel bila kueleza hilo, wala siwezi kujifanya kwamba bandari ya Jakalla si kazi bora.

Sasa nifike ninapotaka kukaa. Greg Stafford, aliyeanza kuibuni dunia yake ya Glorantha mwaka 1966 akiwa mwanafunzi wa chuo, alitoa mwaka 1985 mchezo uitwao Pendragon. Mandhari yake ni Uingereza ya mfalme Arthur. Wachezaji wote ni mashujaa wa farasi wenye kashamba kadogo na bwana wa kumtumikia. Kampeni yake kuu, iliyochapwa upya na kupanuliwa mwaka 2006, inaanza mwaka 485 na kumalizika 566. Kikao kimoja, kwa kadiri inavyowezekana, ni mwaka mmoja. Kiangazi ni cha vita na safari. Kisha huja baridi, na kila mmoja hurudi kwake.

Hapo kwenye baridi ndipo Stafford alipowapita wote. Kila mchezaji anarusha dadu kwa mambo ya nyumbani, moja baada ya jingine. Mavuno yalikuwaje? Farasi wamepona, au yule uliyempanda vitani amekufa zizini? Mke amejifungua? Mtoto ni wa kiume au wa kike? Mama yu mzima? Ukishafika miaka 35, kila baridi unarusha dadu ya uzee, na unaweza kuamka ukiwa huna nguvu uliyokuwa nayo mwaka jana. Nusu saa hivi, hakuna upanga uliochomolewa, na watu mezani wananyamaza wakati mmoja wao anarusha dadu ya uhai wa mtoto mchanga.

Tabia nayo imewekewa hesabu. Kuna jozi 13 za sifa zinazopingana, kama huruma na ukatili, ushujaa na woga, na kila jozi jumla yake ni 20. Mfano: shujaa ana huruma 8 na ukatili 12. Adui amepiga magoti. Mchezaji anataka kumsamehe, lakini msimamizi anamwambia arushe. Anapata 15, zaidi ya 8, huruma imeshindwa. Anarusha upande wa pili, anapata 9, haizidi 12, ukatili umeshinda. Adui anakufa, na mchezaji anabaki na mhusika aliyetenda jambo ambalo yeye hakulitaka. Waandishi wa riwaya husema kwamba wahusika wao huwagomea. Stafford alitafuta njia ya kuwafanya wagome kweli.

Katika kampeni hiyo, mwaka 495 mfalme Uther na wakuu wake wanalishwa sumu karamuni, na miaka kumi na tano ya nchi isiyo na mfalme inafuata. Mwaka 510 kijana anachomoa upanga. Kila mtu mezani amekwisha kusikia habari hizo. Wanajua Arthur atasimama, wanajua Lancelot na Guinevere, wanajua vita vya mwisho vya Camlann na nani atakufa pale. Wanayajua kama tunavyoijua ile sindano ya Liyongo. Lakini hakuna anayejua kama ukoo wake utafika Camlann. Aliyeanza akimcheza babu atafika mwisho akimcheza mjukuu, ana ngome ambayo babu aliipata kwa uhaini, na chuki dhidi ya jirani ambayo baba yake aliianzisha miaka mitatu ya vikao iliyopita. Mwisho mkubwa umefungwa. Mambo ya nyumba hii moja yako wazi. Wakati unaondoka na kila mtu, na haumngoji mfalme.

Wapo walioyafikia haya bila kitabu cha mtu. Robert Wardhaugh, profesa wa historia katika Western University huko London, Ontario, Kanada, alianzisha kampeni yake mwaka 1982, nayo imevuka miaka arobaini. Ana maelfu ya sanamu ndogo alizozipaka rangi, na wachezaji walioanza naye ujanani wamezeeka mezani. Dunia yake haijawahi kuuzwa, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuigusa kalenda yake isipokuwa wale waliokaa pale. Kwa upande mwingine kuna Critical Role, kundi ambalo tangu Machi 2015 hucheza mbele ya watazamaji mtandaoni. Mwaka 2019 mashabiki walichanga zaidi ya dola milioni 11 ili kisa cha kampeni yake ya kwanza kifanywe katuni. Kazi yao ni nzuri, na Matthew Mercer, msimamizi wake wa kwanza, ni hodari. Hata hivyo umati unataka mwisho mzuri kwa tarehe fulani, na meza inayotazamwa na umati huanza kuhesabu vipindi badala ya majira.

Wanafunzi huniuliza nazipangaje. Kwa mandhari pekee, Tékumel haina mpinzani. Kwa kumheshimu msimamizi wa kawaida, Eberron. Kwa mandhari na msuko kukaa pamoja, na wakati ukawa mhusika wa tatu kati yao, Pendragon ya Stafford ndiyo kazi kubwa kuliko zote nilizozitaja, na naiweka kando ya riwaya bora za karne iliyopita bila kuomba radhi.

Kwa yeyote hapa atakayetaka kujaribu: usianze na vitabu vinene. Kumbuka Greyhawk ilikuwa kurasa 32. Chora kijiji kimoja, andika majina ya watu kumi na ugomvi wao, kisha tundika kalenda ukutani. Kila kikao kikiisha, andika tarehe ya huko, na uandike walichofanya wale ambao wachezaji hawakwenda kuwaona.